Tairi Tulizochagua Kasulu

Siku tuliyoileta landrova nyumbani Kasulu, mume wangu hakuwa na kiatu kizima mguuni. Simwaibishi marehemu kwa kusema hivyo. Ndivyo alivyokuwa, chombo kwanza na mwenyewe baadaye. Kabla ya hapo alikuwa akiendesha lori la tumbaku kule Kibondo, kwao, na tangu nilipoolewa naye alikuwa na hamu moja tu, kuendesha gari ambalo hakuna bwana mkubwa wa kumwuliza amechelewa wapi. Landrova ile ilikuwa ya idara moja ya serikali, ikachakaa, ikapigwa mnada. Watu wengine waliona chuma chakavu. Yeye alilala chini ya tumbo lake, akatoka na majani kichwani, akaninong'oneza kwamba chasisi haijaliwa na kutu.

Tukaanza kazi. Leo tunatoka Kasulu kwenda Kibondo, kesho tunatoka Kibondo kurudi Kasulu, na siku za gulio tunapanda milima ya Muyama kuchukua maharage. Basi la Kibondo siku hizo lilikuja lilipopenda, kwa hiyo hatukukosa abiria. Mimi nilikaa mbele, binti yetu mdogo mapajani, na kazi yangu ilikuwa kupanga watu na mizigo: kuku juu, chumvi mbali na mafuta ya taa, mjamzito karibu na kebini ya dereva ambako mtikisiko ni mdogo. Mimi nilimwita Baba na yeye aliniita Mama, kwa ajili ya yule mtoto, na abiria wetu wa kila siku nao wakatuita hivyo hivyo.

Tairi tulizoikuta nazo zilikuwa zimekwisha. Sisi tuliziita vipara, kwa sababu kashata, yaani vitalu vya mpira vinavyoshika barabara, zote zilikuwa zimelika na mpira umebaki laini. Kiangazi zilitubeba. Mume wangu alizijaza upepo, akaziba pancha juu ya pancha, akasema tuvumilie kidogo. Kisha mvua za kwanza zikanyesha.

Mtu asiyeujua udongo wa Muyama hawezi kuelewa. Ni mwekundu, ukikauka ni mgumu kama tofali, ukilowa unateleza kama mlenda. Siku hiyo tulikuwa tunapanda na watu nyuma na magunia chini yao. Katikati ya mlima magurudumu yakaanza kuzunguka pale pale. Mume wangu akatia gia ya nguvu, miguu yote minne ikavuta, ikavuta hewa tu, na gari likaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, likienda upande. Watu wakaruka. Mimi sikuweza kuruka, mtoto alikuwa mapajani na mlango wangu ulitazama bondeni. Nilimtazama mume wangu usoni, naye hakunitazama, alikuwa akitazama kioo cha pembeni na kuugeuza usukani kidogo kidogo kama mtu anayemlaza mgonjwa. Gurudumu la nyuma likagonga ukingo wa barabara, tukasimama.

Hakuna aliyeumia. Mama mmoja alikaa kwenye tope akicheka na hakuweza kuacha, mpaka wenzake wakamwinua. Mume wangu alishuka, akazunguka gari, akapitisha kiganja chake juu ya tairi. Kiganja kilipita kama kinavyopita juu ya chungu. Akarudi dirishani kwangu, maji yakimtiririka, akasema kwa sauti ya chini kwamba mvua haina kosa, kosa liko kwenye tairi, na kwamba kesho hatuendi Kibondo, tunakwenda dukani.

Duka la spea pale Kasulu lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Ujiji mwenye ndugu pwani, mtu wa maneno machache na kanzu safi hata siku za matope. Tairi zake zilikuja kwa treni mpaka Kigoma, kisha zikapanda lori kuja huku juu. Zilikuwa adimu. Mara nyingi ulifika ukaambiwa ungoje, na ukingoja ulipewa iliyopo, si unayotaka. Lakini wiki hiyo, tulipomwamkia shikamoo naye akaitika marahaba, alitufungulia chumba cha nyuma mwenyewe. Alikuwa amekwisha kusikia habari za mlima. Akasema tuna bahati, kuna aina tatu, tuchague kwa nafasi, kwani treni ijayo haijui italeta nini.

Nakumbuka harufu ya chumba kile, harufu ya mpira mpya na chumvi ya gunia. Tulikaa humo asubuhi nzima, na mtoto akalala juu ya lundo la tyubu.

Aina ya kwanza zilikuwa za matope. Meno yake yalikuwa marefu na yameachana, kidole changu kilizama chote katikati ya jino na jino. Mume wangu aliziinamia kama bwana harusi. Nilijua anachokiona: alikuwa anaiona Muyama, na gari linapanda bila kugeuza shingo. Lakini mimi niliwahi kupanda gari la misheni lenye tairi za namna hiyo, na kwenye barabara kavu zilivuma njia nzima kama mzinga wa nyuki, meno yakatutikisika kinywani, hata kuzungumza na jirani hukuweza. Mzee mwenyewe hakutuficha. Alisema kwenye changarawe ngumu meno yale huisha kama sabuni, na yanakula petroli.

Aina ya pili zilikuwa za barabara. Mifereji yake ilikwenda moja kwa moja kuzunguka tairi, myembamba, mizuri kuitazama. Hizo zingetupeleka Kibondo kimya kama mtu aliyevaa soksi, na zingedumu. Ila mvua ikinyesha zingeturudisha pale pale tulipotoka.

Aina ya tatu zilikuwa za katikati. Sehemu inayokanyaga barabara ilikuwa na kashata zilizokaa karibu karibu, na pembeni, begani mwa tairi, kulikuwa na meno mafupi yanayotazama nje. Hazikuwa na sifa kubwa. Ukiziweka kati ya zile nyingine mbili, ungezipita.

Tulibishana, lakini ubishi wetu ulikuwa wa watu wanaopendana, nami sijapata tena mtu wa kubishana naye hivyo. Yeye alisema tairi haichaguliwi kwa ajili ya siku njema, kwani siku njema hata kipara kinafika. Mimi nikasema matope ni ya msimu lakini barabara ni ya kila siku, na kwamba tukimaliza meno kwenye barabara ya Kibondo wakati wa kiangazi, mvua zikirudi zitatukuta tena na vipara. Mzee akapendekeza kama walivyofanya wengine, za matope nyuma na za barabara mbele. Mume wangu akakataa kwa heshima. Alisema miguu minne ikivuta pamoja lazima iwe ya urefu mmoja, la sivyo inagombana ndani ya gia mpaka kitu kivunjike. Alizikataa pia zilizokuwa pana. Nyembamba, alisema, hukata tope ikaenda kutafuta ardhi ngumu chini, lakini pana huelea juu kama bata. Kisha akaminya ubavu wa kila tairi kwa gumba, akitafuta ulio mgumu, kwa sababu ya mawe ya kule tunakoshukia Malagarasi, ambayo hayachani kashata, yanachana ubavu.

Mwisho akaniita. Nilikuwa nimesimama mlangoni kupunga hewa.

"Wewe ndiye unakaa humo kila siku," akasema. "Sema."

Sikuzoea kuulizwa hivyo mbele ya mtu mwingine. Wanaume wa wakati ule hawakumwuliza mwanamke habari za gari. Nikamwonyesha zile za katikati. Akazitazama, akanitazama, akatabasamu.

"Haya. Za katikati."

Mzee wa duka akacheka kidogo, akasema ndoa yenye usukani mmoja huenda mbali. Kisha akatusaidia kuzisukuma mpaka nje.

Nikisema miezi iliyofuata ilikuwa miezi mizuri kuliko yote maishani mwangu, nasema kitu ambacho hakina hadithi ndani yake. Tulikwenda na kurudi. Kwenye barabara kavu tairi zile zilikuwa na sauti yake, mlio mdogo wa chini, na mtoto wetu aliuzoea mpaka akawa halali vizuri nyumbani. Muyama tulipanda. Si kila mara kwa mara ya kwanza, kulikuwa na siku tulirudi nyuma tukaanza upya, lakini tulipanda. Tope likiwa baya sana mume wangu alishuka na kupunguza upepo ili tairi zitanuke na kushika, na tukifika juu alizijaza tena kwa pampu ya mkono, abiria wakimhesabia kwa kuimba. Jioni alikaa kwenye kigoda na msumari, akichokoa vijiwe kutoka kwenye kashata kimoja kimoja. Alisema kijiwe kikikaa kinachimba kwenda ndani. Mara kwa mara alizihamisha, za mbele nyuma, za nyuma mbele, ili zizeeke pamoja. Nilimwambia hata mimi sijapata kutazamwa hivyo. Akasema nikae kigodani nami nitoe mguu, na kweli akauchukua mguu wangu, akautazama wayo kwa makini, akasema huu bado una kashata.

Kibondo tulifikia kwa mama yake. Alikuwa mjane, mwembamba, mwepesi, akiishi peke yake na shamba la maharage na mihogo. Kwa Kiha nilimwita mabukwe, yaani mama mkwe, lakini alitaka nimwite mama tu. Kila tulipofika kulikuwa na chungu motoni, na neno lake la kwanza, kabla ya salamu kwisha, lilikuwa kumwuliza mwanawe kama amekula. Alimwuliza hata kama ameshuka garini akitafuna.

Kisha ikaja vita ya Kagera. Tuliisikia kwenye redio ya jirani, watu wamejaa mpaka barabarani, na baada ya hapo hakukuwa na mazungumzo mengine. Vijana wakaanza kuondoka. Malori yakaanza kupungua barabarani, moja moja, kwa sababu jeshi lilihitaji vyombo vya kubebea watu na chakula. Siku moja mchana balozi wetu wa nyumba kumi akapita na kutuarifu kwamba wenye magari wote wayapeleke uwanjani kesho asubuhi, yakaguliwe, na yatakayofaa yatakwenda pamoja na madereva wake.

Jirani yetu mmoja, mfanyabiashara wa samaki wakavu, alikuwa ametoka Kigoma. Yeye ndiye aliyetuambia jinsi ukaguzi unavyokwenda. Alisema hawafungui hata boneti. Wanatazama tairi kwanza. Gari lenye tairi zilizokwisha wanaliacha, kwa sababu jeshi lenyewe halina tairi za kugawa. Aliyasema hayo polepole, akitazama upande wa jiko letu, kisha akaaga.

Nyuma ya jiko kulikuwa na zile za zamani. Hatukuzitupa. Zilikuwa zimeegeshwa ukutani, na moja ilikuwa imelazwa chini, kuku alitaga ndani yake.

Mume wangu alikuwa ndani akitafuta karatasi za gari. Sikumwita. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikayatoa mayai nikayaweka kwenye ungo, nikaiinua ile tairi na kuanza kuisukuma. Nilikuwa sijawahi kusukuma tairi peke yangu. Iliniangukia mguuni mara moja. Nikaifikisha kwenye landrova, nikarudi kuchukua ya pili. Nilipoifikisha hiyo, yeye alikuwa amesimama mlangoni, karatasi mkononi.

"Zirudishe, Mama."

"Ni za kesho tu," nikasema. "Wakishapita, tutazivua. Nitakusaidia mwenyewe."

Akaja akakaa juu ya tairi niliyoilaza. Akaweka viwiko juu ya magoti. Sikujua kama amekasirika. Nikaleta jeki, nikaiweka miguuni pake.

"Kule nako kuna mlima wenye tope," akasema mwishowe. "Na kuna mtu yuko juu anangoja chakula."

"Watu wa kumpelekea ni wengi."

"Wengi wenye vipara."

Nikamwambia mtaa mzima utaficha, na yeye si mjinga kuliko mtaa. Nikamwambia ana mtoto mmoja na mama mmoja. Nilisema mengi mengine ambayo sitaki kuyaandika, si kwa kuwa yalikuwa mabaya, ila yalikuwa ya kuomba, na mtu aliyeomba hivyo hapendi kujisikia tena. Alisikiliza yote. Hakuniambia niwe jasiri, hakunihubiria habari za nchi. Nilipokwisha alisimama, akazisukuma zile tairi mbili mwenyewe kurudi nyuma ya jiko, akailaza ile moja pale pale ilipokuwa, akachukua ungo, akarudisha mayai ndani yake, yai baada ya yai, ili kuku asipapoteze mahali pake.

Asubuhi tulikwenda wote watatu uwanjani. Magari yalipangwa mstari mmoja. Ofisa aliyekuja alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na hakuwa mtu mbaya. Alipita na fimbo nyembamba akigusa tairi. Kweli kulikuwa na vipara vingi pale, vingine najua havikuwa vipara juzi yake. Alivipita bila neno. Alipofika kwetu alisimama. Akainama, akaingiza kidole kwenye kashata. Akauliza dereva ni nani, na mume wangu akajibu kwamba ni yeye. Akaulizwa tairi hizi zimefanyiwa nini hata zikawa nzima hivi wakati zimetumika. Nikamwona mume wangu akieleza, habari za kuhamisha mbele na nyuma, habari za upepo na vijiwe, na uso wake ulikuwa unang'aa kidogo, Mungu amrehemu, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe.

Msafara ulipitia Kibondo, na niliruhusiwa kwenda naye mpaka huko kwa mama yake. Njiani tuliongea mambo madogo. Paa la jiko linavuja upande gani. Nani ananidai debe la maharage. Tulipopita Makere mtoto alilala, na yeye akapunguza mwendo ingawa walio nyuma walipiga honi.

Mama yake alikuwa ameambiwa na nani sijui. Tulimkuta barabarani. Hakulia. Alipanda kidogo kwenye ngazi ya gari, akamshika mwanawe shavu kupitia dirishani, akamwuliza kama amekula. Akasema amekula. Mama akamjibu, uongo huo, shuka. Mume wangu akacheka, akasema mama, magari yananisubiri. Mimi nilikuwa nimekwisha kushuka na mtoto. Basi mama akampa chakula dirishani, naye akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka pale nilipokuwa nimekaa mimi. Aliniambia nikae kwa mama mpaka arudi, nisirudi Kasulu kulala peke yangu. Kwangu hakusema kingine. Tulikuwa mbele ya watu.

Mara ya kwanza kupata habari ilikuwa kwa dereva wa lori aliyerudi kuleta majeruhi. Alisema amemwona ng'ambo ya Mto Kagera, mzima, amekonda. Alisema mvua ya kule ni kubwa, malori yanakwama, na kwamba landrova yetu ni miongoni mwa chache zinazopita, kwa hiyo hapumziki. Ikitakiwa dawa mahali pabaya anaitwa yeye, ikitakiwa maji anaitwa yeye. Dereva yule aliisema kama sifa. Mama mkwe wangu aliifurahia, akawaeleza majirani. Mimi nilikwenda shambani nikakaa kati ya migomba.

Baadaye kikapita kimya kirefu. Kisha siku moja, tukiwa tunapura maharage uani, waliingia watu wawili, mtu wa ofisi ya wilaya na mmoja wa madereva walioondoka siku ile na mume wangu. Yule wa ofisi alivua kofia mapema mno, kabla ya kufika. Tukajua.

Dereva ndiye aliyeeleza, kwa sababu nilimwomba aeleze. Walikuwa wanashuka mlima kwa msafara, kumetoka kunyesha. Chini kulikuwa na gari limekwama, na mume wangu aliyekuwa mbele akashika breki akasimama. Tairi zake zilishika, gari likasimama palepale. Lori lililokuwa nyuma yake likashika breki pia, lakini halikusimama. Lilikuwa limeshehena, na tairi zake zilikuwa zimekwisha kabisa. Lilishuka likiteleza, taratibu, alisema, hata wao walioko nyuma waliona kila kitu, wakawa wanapiga kelele na hakuna la kufanya. Likambana kwenye ukingo. Alikufa pale pale. Walimzika huko huko na wengine, wakaweka alama ya mti.

Dereva yule alilia wakati anasimulia, nasi tulimtazama. Nikamwuliza yule wa lori alikuwaje. Akasema alipona mwili, lakini haongei.

Niliporudi Kasulu kufunga nyumba, watu walikuja kuhani. Wengi walisema maneno yanayosemwa. Mmoja wawili, wakidhani wananifariji, walisema afadhali tungefunga vipara siku ile kama wenzetu. Mzee wa duka la spea alikuja kwa miguu. Hakutaka kuingia, akasimama mlangoni na kanzu yake. Akasema, "Mwanangu, niliwauzia tairi nzuri." Nikasema ndiyo, zilikuwa nzuri. Akageuka akaenda zake. Katika wote waliokuja, yeye peke yake ndiye niliyetaka akae kidogo.

Landrova haikurudi. Tulipewa pole ya serikali kwa namna ilivyowezekana wakati ule, nayo ikaisha kama vitu vinavyoisha. Nilihamia Kibondo moja kwa moja. Ndugu zangu walitaka nirudi kwetu, mimi bado kijana, nitaolewa tena. Sikuweza kumwacha yule mama na chungu chake cha mtu mmoja. Tulilima pamoja. Mtoto akakua kati yetu wawili, akaanza kumwita bibi yake mama na mimi akaniita jina langu, kama anavyosikia.

Mama mkwe wangu hakumtaja mwanawe kwa muda mrefu. Nilidhani ameamua hivyo, nikamheshimu. Lakini asubuhi moja ya palizi, baada ya kuamkiana mwakeye, salamu ya asubuhi ya Kiha, kama kawaida na kushika kila mtu mstari wake, tukiwa tumeinama, jembe lake likasimama. Hakuinua kichwa.

"Siku ile," akasema, "alikuwa amekula?"

Sikumwuliza siku ipi. Yule dereva hakusema, nami sikukumbuka kumwuliza, kati ya yote niliyomwuliza. Nikaendelea kupalilia hatua moja zaidi ili sauti yangu ipate kukaa sawa.

"Alikula, mama."

"Nini?"

"Ugali. Na maharage."

Akafikiri.

"Yalikuwa yameiva vizuri?"

"Yalikuwa yameiva."

Akaitikia kwa kichwa, akashika jembe, tukaendelea na mstari.